Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mipango Miji: Yadi ya Magari Nyuma ya Ghala Letu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Mipango Miji na Mazingira,
Mwanza.

Nakala: Ofisi ya Mipango Miji, Afisa Mazingira, Afisa Afya wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: MAOMBI YA KUHIFADHI MAGARI NJE, KATIKA KIWANJA CHA GHALA LA KUKODISHA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa ulioko kwenye mteremko unaoishia Mto Mirongo, na kazi yangu ni kukodisha viti, mahema na masufuria ya shughuli, iwe harusi au msiba. Kwa miaka sita sasa vitu hivyo navihifadhi katika chumba nilichopanga kwenye ghala la jirani, la aina ile ambayo mpangaji anakuja na kufuli lake mwenyewe na kulipa kwa mwezi. Kwa hiyo naandika nikiwa jirani wa ghala hilo na pia mteja wake, na naomba maneno yangu yasomwe hivyo, kwa sababu sina nia ya kumfungia mtu biashara ambayo mimi mwenyewe naitegemea.

Tangazo limebandikwa getini na kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, likieleza kwamba mwenye kiwanja ameomba kuruhusiwa kutumia eneo la wazi lililo nyuma ya ghala kuhifadhi magari, matela, mitambo na boti, na kwamba mwenye maoni ayawasilishe. Jina la ghala sitalitaja hapa. Viwanja vya namna hii vinaongezeka, na uamuzi mtakaoutoa juu ya kimoja ndio ambao wenye vingine watakuja kuushika mkononi wakiomba na wao watendewe vivyo hivyo.

Ombi langu ni hili. Maombi hayo yasipitishwe kama nyongeza ndogo ya matumizi yaliyopo, bali yapimwe kama matumizi mapya ya ardhi. Na yakikubaliwa, basi kibali kiseme wazi kwamba kila chombo kitakachoingia katika yadi hiyo kiwe na mwenyewe anayejulikana, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Nikipewa sharti moja tu la kuchagua kati ya yote nitakayoyataja humu, nitachagua hilo la tarehe, na sababu zake nitazieleza.

Kwanza nieleze tofauti ya chumba na yadi, maana nasikia hoja kwamba kuhifadhi ni kuhifadhi tu, kwamba aliyeruhusiwa kuweka viti ndani hawezi kukatazwa kuweka lori nje. Chumba changu kina upana wa mita tatu na urefu wa mita nne. Ndani yake kuna viti 400 vya plastiki vilivyopangwa hadi karibu na dari, mahema manne yaliyokunjwa, na masufuria yaliyoingizwa moja ndani ya jingine. Vitu hivyo vinaweza kukaa humo mwaka mzima na jirani asijue kama vipo: havivuji, havinuki, mvua haivifikii, na siku nikivitoa ni kwa kirikuu kinachoingia na kutoka ndani ya nusu saa. Gari lililosimama nje lina oili kwenye injini, oili nyingine kwenye gia na difu, mafuta tangini, maji ya rejeta, tindikali ndani ya betri, na matairi yanayochakaa kwa jua. Liko chini ya anga, na kila litakachokiachia kitafuata maji. Hata liwe la mtu mwangalifu namna gani, gari la nje lina mahusiano na majirani ambayo kiti changu hakina.

Sheria zetu zinaitambua tofauti ya namna hiyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, anayemilikishwa kiwanja hupewa ardhi pamoja na masharti ya matumizi yake, na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inaipa halmashauri, ikiwa mamlaka ya upangaji, kazi ya kusimamia uendelezaji wa kila kiwanja ndani ya eneo lake. Kilichoandikwa kwenye hati na kwenye mchoro ndicho kilichokubaliwa, na kinachozidi hapo kinaombewa upya. Nchini Marekani, ambako biashara ya ghala za kukodisha vyumba imekua kwa miongo mingi, miji mingi huliona suala hili kwa jicho hilohilo: vyumba vya ndani huwa na ruhusa yake, na magari, boti na matela ya nje huwa na ruhusa nyingine, mara nyingi ikiambatana na masharti ya uzio unaoziba, sakafu ngumu, na magari yawe yanayotembea na yenye usajili hai. Sisemi tunakili ya Marekani, kwa kuwa wao hawana mteremko wetu wala mvua yetu. Naonyesha tu kwamba kutenganisha mambo haya mawili si ukorofi wa majirani wa Mwanza.

Kwamba hitaji lipo, halina ubishi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,772,509 katika Mkoa wa Mwanza, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,699,872. Watu zaidi ya laki tisa wameongezeka ndani ya miaka kumi, ilhali mawe yetu hayajasogea, na nyumba nyingi za milimani, kama zile za Igogo na Mabatini, hufikiwa kwa ngazi na vichochoro ambavyo gari haliingii. Anayeishi huko na akajaliwa kununua Noah ya biashara hana pa kuilaza. Mfanyabiashara wa Ukerewe anayepanda meli kwenda Nansio anahitaji mahali pa kuacha gari lake mjini. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lifunguliwe mwezi Juni 2025, malori ya Sengerema, Geita na Kagera hayasubiri tena kivuko, na mji unayaona mengi zaidi. Kwa malori yaliyo safarini, Ilemela wana kituo cha Nyamhongolo kilichojengwa pamoja na maegesho ya malori, na hayo si ninayoyazungumzia. Nazungumzia chombo ambacho mwenyewe anakihitaji, ila hakihitaji leo. Kikikosa yadi, kitalala barabarani mbele ya nyumba za watu, na hilo ni baya kuliko yadi, kwa sababu siku nyumba itakapowaka gari la zimamoto halitapita.

Basi siombi mkatae. Naomba mwangalie vizuri kinachoombwa, kwa sababu sehemu yake tayari tunaiona.

Gari la kwanza kuingia nyuma ya ghala lilikuwa Fuso la mzigo, na mlinzi alituambia ni la wiki mbili tu, linasubiri spea. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi. Baadaye likaja tela lisilo na kichwa, ikaja boti ya uvuvi iliyopinduliwa juu ya magogo, zikaja gari ndogo mbili zilizopata ajali na zinazosubiri maamuzi ya bima. Jumapili iliyopita nilipokwenda kutoa viti vya msiba, nilisimama kwenye ngazi ya ghala nikahesabu vyombo 27 katika uwanja ambao, nakumbuka vizuri, watoto walikuwa wakichezea mpira. Kati ya hivyo, 11 vilikuwa vimesimama juu ya mawe au matofali, havina matairi, au vina matairi yaliyokwisha kabisa upepo.

Nitaeleza kimoja kwa kirefu, kwa sababu kinabeba hoja yangu yote. Ni Hiace nyeupe iliyokuwa daladala, na mstari wake wa njia ubavuni bado unaonekana ingawa jua limeupausha. Mwenyewe aliileta ikiwa nzima, akalipa miezi mitatu mbele, akasema anasafiri kwa matibabu. Mzee huyo alifariki. Watoto wake hawajapatana juu ya mirathi, hakuna msimamizi aliyeteuliwa, na kwa hiyo hakuna wa kulipa kodi wala wa kuja na ufunguo. Mwenye ghala hawezi kuiuza kwa kuwa si yake. Akiisukuma nje ya uzio atakuwa ameharibu mali ya marehemu. Akiiacha, inamla nafasi. Sasa majani yameota na kupenya kwenye sakafu karibu na kanyagio la breki, kioo cha nyuma kimetoka, na kuku wa jirani anatagia kwenye kiti cha dereva. Chini ya injini udongo umekuwa mweusi na unang'aa, duara lenye upana wa beseni la kuogeshea mtoto, na kila ninapopita naona duara hilo limeongezeka kidogo.

Mzee yule hakuwa na nia ya kutelekeza gari. Mwenye ghala hakuwa na nia ya kufungua jaa la vyuma chakavu. Watoto wake wana haki ya kubishana juu ya mali ya baba yao kwa utaratibu wa sheria. Kila mmoja alifanya jambo la kawaida, na gari likageuka skrepa polepole bila mtu yeyote kuamua liwe hivyo. Ndiyo maana naamini kwamba yadi ya kuhifadhia magari na jaa la magari mabovu havitofautiani kwa muonekano wa siku ya kwanza, wala kwa ubora wa uzio, wala kwa bango la getini. Vinatofautiana kwa kitu kimoja, nacho ni kama kila gari lina siku ya kuondoka inayojulikana. Likikosa siku hiyo, hata liwe zima na jipya, limeshaanza safari ya kuwa kama ile Hiace.

Kwa hiyo naomba kibali kiambatane na sharti la daftari, na daftari lenyewe lielezwe ndani ya kibali ili lisije kuwa karatasi ya mlinzi inayolowa mvua. Liandikwe namba ya usajili na namba ya chesisi, jina na simu ya mwenye chombo, jina na simu ya mtu wa pili ambaye mwenyewe anamwamini na ambaye atawajibika endapo mwenyewe hatapatikana, hali ya chombo siku ya kuingia, tarehe ya kuingia, na tarehe ya kutoka. Muda usizidi miezi sita. Ukiongezwa, uongezwe kwa mwenyewe au yule mtu wa pili kufika yadini kwa miguu yake na kulitazama gari lake, maana anayeliona gari lake likichakaa huamua mapema kuliko anayetuma hela kwa simu. Mkataba wa kuhifadhi uandike waziwazi, na mteja atie saini, nini kitafanyika muda ukiisha na watu wote wawili wasipatikane: ni taarifa gani itatolewa, kwa nani, baada ya siku ngapi, na chombo kitapelekwa wapi kwa kufuata sheria. Haya ya mwisho wanasheria wenu watayaandika vizuri kuliko mimi, lakini yakiandikwa siku ya kuingia yanamlinda mwenye gari, yanamlinda mwenye ghala, na yanatulinda sisi tulio upande wa pili wa ukuta. Mzee yule angekuwa ameandika jina la mtu wa pili, huenda Hiace yake leo ingekuwa barabarani ikisomesha wajukuu.

Naomba pia idadi. Kiwanja kipimwe, mistari ichorwe, na kibali kitaje vyombo vingapi mwisho wake, na katika hivyo ni vingapi tu vinavyoruhusiwa kuwa haviwezi kutembea vyenyewe. Bila idadi, yadi itaendelea kujaa kadiri mlinzi anavyoweza kubana.

Sasa nije kwenye maji, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndilo jambo linaloninyima usingizi.

Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Sehemu nyingi udongo ni mwembamba, chini yake ni mwamba, na mvua ikinyesha maji hayana muda wa kuzama, yanateremka. Yadi inayozungumzwa iko juu, nyumba zetu ziko kati, na mtaro upo chini. Asubuhi moja ya vuli, baada ya mvua kubwa ya usiku, nilitoka kufagia mlango wangu nikakuta maji yanapita kwenye mfereji wa mbele ya nyumba yakiwa na ngozi juu yake, ngozi nyembamba ya zambarau na kijani inayojikunja kila inapogusa jiwe. Nilichovya kijiti cha ufagio na kikatoka na utelezi ambao sabuni ya unga haikuutoa. Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwa ameinama kwenye mfereji huohuo akisuuza ndoo kabla ya kwenda bombani, kama alivyofanya asubuhi zote za maisha yake hapo. Nilimwita nikamwonyesha. Alitazama ndoo yake, akaitazama tena, kisha akaenda kuisuuza upya kwa maji ya kununua.

Mfereji ule unapita kando ya nyumba zipatazo ishirini, unaingia kwenye kalavati, unajiunga na mtaro mkubwa, na mtaro unamwaga Mto Mirongo, ambao unapita katikati ya mji na kuingia ziwani. Maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, kwenye vyanzo vya Capripoint na Butimba, ambako yanasafishwa kabla ya kutufikia. Nafahamu kwamba ziwa ni kubwa na kwamba mitambo ya kusafisha maji ipo. Lakini mitambo hiyo ipo ili tunywe maji salama, haikuwekwa ili sisi wa juu tuendelee kuachia oili.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na mwombaji amenukuliwa mtaani akisema kwamba kiwanja chake kiko mbali zaidi ya hapo. Ni kweli, kiko mbali. Ila kamba ya mita 60 hupimwa kutoka ukingoni mwa mto kwenda nchi kavu, na mtaro wa zege unateremka kutoka nchi kavu hadi mtoni. Katika mji wa tambarare, umbali huo ungetupa muda. Kwetu, tone lililoanguka chini ya Fuso saa tisa usiku linaweza kuwa mtoni kabla ya adhana ya alfajiri. Naomba basi kigezo cha umbali kisichukuliwe kuwa kimemaliza swali, na Afisa Mazingira aangalie njia ya maji yenyewe, kuanzia ukuta wa yadi hadi kalavati.

Dawa yake si ngeni wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Sehemu ya yadi itakayopokea magari yenye injini isakafiwe kwa zege lenye mteremko mdogo kuelekea upande mmoja, na pembezoni pawekwe tuta ili maji yasitoke ovyo. Maji yote yaelekezwe kwenye chemba ya kutenganisha oili, ambayo ni mashimo matatu yaliyojengwa mfululizo: la kwanza linatuliza maji ili mchanga na matope vizame, la pili linabakiza oili juu, kwa sababu oili ni nyepesi kuliko maji, na bomba linalokwenda shimo la tatu linachota kutoka chini, si kutoka juu, la tatu ni la kuangalia kama maji yanayotoka ni safi kabla hayajaachiwa mtaroni. Ugumu wake uko kwenye kuitunza. Chemba iliyojaa ni sawa na kutokuwepo, na mvua moja kubwa itasukuma nje oili yote iliyokusanywa kwa mwezi. Kwa hiyo kibali kitaje ni mara ngapi itakaguliwa na kuondolewa oili, hasa kabla ya vuli kuanza Oktoba na kabla ya masika ya Machi, na oili itakayotolewa iwekwe kwenye pipa lenye mfuniko na kukabidhiwa kwa mwenye kibali cha kuikusanya. Gari litakalokaa zaidi ya mwezi mmoja liwekewe sinia chini ya injini, lipunguzwe mafuta tangini na lifunguliwe betri. Boti zisizo na injini na matela matupu zinaweza kukaa upande wa changarawe, wala sioni sababu ya kumtia mwombaji gharama ya zege pasipo na kitu cha kuvuja.

Kuhusu matairi nitasema kwa ufupi ingawa si jambo dogo. Tairi lililolala wazi huweka maji ndani hata baada ya jua kukausha uwanja mzima, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hupenda hasa vyombo vya namna hiyo. Mayai yake hubandikwa kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi hadi maji yarudi. Anauma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Dar es Salaam walipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na mwaka 2019, na sisi hatuna sababu ya kungoja yetu. Nimemulika tochi ya simu ndani ya matairi matatu yaliyoegemezwa ukutani kwetu, na yote matatu yalikuwa na viluwiluwi. Matairi yasiyofungwa kwenye gari yawekwe chini ya paa au yasiwepo kabisa. Turubai nazo zifungwe kwa kukazwa, zisiachwe zikalegea na kuweka vidimbwi.

Lipo pia suala la mafundi. Gari likisimama muda mrefu, fundi huja kulitazama, kesho anarudi na jeki, na kesho kutwa anafungua gereji. Wengi wa vijana hao ni watoto wetu na siwaombei kufukuzwa kazini, lakini gereji ni matumizi mengine ya ardhi yenye masharti yake, na yasiingizwe kwa mlango wa ghala. Kibali kikataze kufungua injini, kupiga rangi na kuchomelea ndani ya yadi. Gari la kutengenezwa lipelekwe panapotengenezwa.

Juu ya moto, naomba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wapewe mchoro kabla ya kibali kutoka, ili waseme wenyewe nafasi kati ya mistari ya magari na ukuta wetu iwe kiasi gani, na gari lao litapita wapi. Leo, kutoka dirisha la chumba anacholala mwanangu hadi tangi la lori la kwanza ni hatua nne.

Geti la sasa linatosha kirikuu, halitoshi semitrela. Tela lililoletwa mara ya mwisho liliingia kinyumenyume, utingo akiwa amesimama katikati ya barabara akizuia bodaboda na wanafunzi waliokuwa wakitoka shule. Chombo kiingie kwa mbele, kigeukie ndani, kitoke kwa mbele. Kisichoweza kugeuka humo kisipokelewe. Na kusiwe na kuingiza wala kutoa magari makubwa usiku.

Nimeambiwa kwamba masharti haya yatampandishia mwombaji gharama, naye atazihamishia kwa wapangaji, wakiwemo wa vyumba kama mimi. Huenda ikawa hivyo. Nimeshakaa na daftari langu la hesabu, na nikiongezewa kodi kwa kiasi cha haki, nitapandisha kidogo bei ya hema na nitawaeleza wateja wangu sababu. Lakini naomba Kamati iangalie pia gharama iliyopo sasa, ambayo haiko kwenye daftari la mtu yeyote: maji ya kununua ya mama wa nyumba ya tatu, dawa ya mbu, na kazi ya vijana wa mtaa wanaozibua kalavati kila msimu kwa mikono. Mwombaji ametufaa kwa mengi. Taa zake zimeufanya uchochoro upitike usiku, na walinzi wake wawili ni watu wa mtaani kwetu. Naamini ni mtu anayeweza kutimiza masharti akipewa yaliyo wazi, kuliko kuachiwa ruhusa ya jumla ambayo itamletea ugomvi na kila jirani.

Mwisho, naomba kibali cha kwanza kiwe cha mwaka mmoja, kipite masika moja na vuli moja, kisha mrudi mwone kabla hamjakiongeza muda. Ukaguzi ufanywe daftari likiwa mezani na mfuniko wa chemba ukiwa umefunuliwa, na mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa awepo. Hiace na vyombo vingine vilivyokwisha kuingia viandikwe kwanza, kimoja kimoja, vipewe tarehe zake, kabla ya kingine kipya kupokelewa.

Kabla ya kikao chenu, naomba mje kuona wenyewe. Mchague asubuhi iliyofuata usiku wa mvua, mfike kabla ya saa tatu, jua likiwa halijakausha kitu. Msianzie getini, anzieni chini, kwenye kalavati, mpande polepole mkifuata mfereji hadi ukutani. Nitawasubiri hapo kwenye kalavati, na kama kutakuwa na la kukaa na kuzungumza, viti nitavitoa mimi.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa mtaa, na mpangaji wa chumba katika ghala husika,
Mwanza.